Dume, Jike na Joto la Udongo

Wanafunzi wangu wanapofika kwenye mada ya urithi, huandika daftarini sentensi ileile niliyoiandika mimi nilipokuwa rika lao: mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana X moja na Y moja, na mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Sentensi hiyo ni ya kweli kwa binadamu, na ni ya kweli pia kwa ng'ombe, mbuzi na paka. Linalonisumbua ni kwamba wengi hutoka darasani wakiamini wamejifunza kanuni ya wanyama wote, ilhali juu ya ukuta wa darasa lilelile, hapa Nakuru, mjusi anaota jua, naye ametoka katika kundi ambalo limejaribu karibu kila njia inayojulikana ya kupata dume na jike, likaziacha baadhi ya njia hizo na kuanza upya mara nyingi.

Hata kuku, ambaye kila boma linamfuga, hafuati sentensi ile. Jogoo ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, ziitwazo Z, na mtetea ndiye mwenye Z moja na W moja; kwa hiyo ni yai la mama, wala si mbegu ya baba, linaloamua kifaranga awe wa jinsia gani. Hata hivyo, ndege wamekuwa waaminifu kwa Z na W zao, na mamalia kwa X na Y zao, kwa zaidi ya miaka milioni 100. Mijusi, ambao spishi zao ni zaidi ya 7,000, hawana mpango mmoja. Wapo wenye X na Y. Wapo wenye Z na W. Wapo wasio na kromosomu ya jinsia kabisa, ambao kiinitete chao huwa dume au jike kulingana na joto la udongo uliolifunika yai. Na wapo wale wanaonivutia kuliko wote, ambao wana kromosomu ya jinsia na wakati huohuo wanasikiliza joto, hata siku moja joto likaishinda kromosomu.

Habari ya joto ilianzia Afrika, na ningependa kila anayesoma biolojia katika bara hili aijue. Kromosomu za jinsia zenyewe zilikuwa zimeelezwa tangu mwaka 1905, wakati Nettie Stevens wa Marekani alipochunguza mbegu za mbawakawa wa unga, akaona kwamba nusu ya mbegu hizo zina kromosomu moja iliyo ndogo kuliko mwenzake, na kwamba mayai yanayorutubishwa na mbegu za namna hiyo hutoa madume. Kazi yake ilikuwa safi na yenye kushawishi, na kwa miongo kadhaa iliyofuata ikaonekana kwamba swali la jinsia limepata jibu. Ndipo mwaka 1966 Madeleine Charnier, aliyekuwa akifanya utafiti Dakar nchini Senegal, alipochapisha taarifa fupi kuhusu mayai ya Agama agama, mjusi wa Afrika Magharibi ambaye dume lake hupata kichwa cha rangi ya chungwa na kiwiliwili cha buluu. Mayai yaliyokaa kwenye joto la chini yalitoa karibu majike watupu, na yaliyokaa kwenye joto lililozidi hapo kwa nyuzi chache tu yalitoa madume. Taarifa hiyo haikupata wasomaji wengi wakati ule. Leo inahesabiwa kuwa ya kwanza kuonyesha kwamba joto linaweza kuamua jinsia ya mnyama mwenye uti wa mgongo, na baada yake likaja wimbi la uchunguzi kuhusu kasa na mamba. Mamba wa Ziwa Viktoria, kwa mfano, hana kromosomu ya jinsia hata moja. Dume na jike wake hutengenezwa na joto la kiota.

Ili tuelewe mijusi wanavyoweza kuhama kutoka mpango mmoja hadi mwingine, inafaa kwanza tujue kromosomu ya jinsia inavyozaliwa. Maelezo yaliyotawala kwa muda mrefu yalipangwa vizuri na mtaalamu wa urithi Susumu Ohno mwaka 1967. Mwanzoni ni jozi ya kromosomu za kawaida tu, zinazofanana kwa kila hali. Kisha jeni moja, yaani kipande cha DNA chenye agizo la urithi, katika kromosomu moja ya jozi hiyo, hubadilika na kupata uwezo wa kukisukuma kiinitete kwenye udume. Kwetu sisi binadamu jeni hiyo inaitwa SRY, nayo ilitambuliwa mwaka 1990. Tangu dakika hiyo Y imezaliwa, ingawa ukiitazama kwa hadubini huwezi kuitofautisha na X. Polepole jeni nyingine zenye faida kwa madume na hasara kwa majike hujikusanya jirani nayo. Rangi kali ni mfano unaofaa, kwa kuwa dume anayeng'aa hupata majike, lakini jike anayeng'aa akiwa na mimba ya mayai huonwa na mwewe bila kupata faida yoyote. Jeni za namna hiyo zikiwa pamoja, ni heri zisivuke kwenda upande wa majike, na hivyo kromosomu hizo mbili huacha kubadilishana vipande wakati mwili unapotengeneza mbegu.

Kuacha kubadilishana huko ndiko kunakoleta uchakavu. Kromosomu zinazobadilishana vipande ni kama wanafunzi wawili wanaolinganisha madaftari yao kila jioni, ambapo kosa alilolinakili mmoja hupata nafasi ya kusahihishwa kutoka kwa mwenzake. Y hubaki na daftari lake peke yake, na kila kosa linaloingia humo hurithiwa na kizazi kinachofuata. X ya binadamu bado ina jeni zipatazo 900 za kutengeneza protini. Y, ambayo ilianza ikiwa sawa nayo, imebakiwa na chini ya 100. W ya ndege imepitia njia hiyohiyo.

Ohno hakuyatunga hayo kwa kuwatazama mamalia pekee. Aliegemea sana nyoka, ambao kwa nasaba ni tawi la mijusi. Chatu na jamaa zao walionekana kuwa na kromosomu za Z na W ambazo hazijaanza kutofautiana, nyoka wengine wakawa na W iliyoharibika kiasi, na vipiribao na jamaa zao wakawa na W iliyochakaa kabisa, kana kwamba hatua zote tatu za safari moja zimepangwa mezani kwa mfuatano. Ulikuwa mfano wa kupendeza, na uliingia katika vitabu vya kiada kwa nusu karne. Mwaka 2017 mtafiti Tony Gamble na wenzake wakaonyesha kwamba chatu mmoja na boa mmoja waliowachunguza hawana Z na W hata kidogo. Wana X na Y, tena kila mmoja ameziunda za kwake, mbali na mwenzake. Hatua ya kwanza ya safari ile haikuwa hatua ya safari ile. Nadharia ya uchakavu haikuvunjika kwa ugunduzi huo, maana W ya vipiribao imechakaa kweli. Kilichovunjika ni imani kwamba kila kromosomu ya jinsia imo njiani kwenda mahali pamoja.

Gamble alikuwa ameshalionyesha jambo hilo kwa mijusi kafiri, hawa wanaopanda kuta za nyumba zetu usiku kufuata wadudu wa taa. Mwaka 2015 yeye na wenzake walitumia mbinu iliyo rahisi kuielewa hata kama mashine zake ni ghali. Huchukuliwa vipande vidogo vya DNA kutoka kwa madume kadhaa na majike kadhaa wa spishi moja, kisha hutafutwa vipande vinavyopatikana kwa jinsia moja tu. Vikipatikana kwa madume wote na visipatikane kwa jike yeyote, spishi hiyo ina Y. Vikipatikana kwa majike pekee, ina W. Hakuna haja ya kuona tofauti kwa hadubini, na hili ndilo lililokuwa limewakwamisha waliotangulia, kwa sababu kromosomu za jinsia za mijusi wengi hufanana kwa umbo. Walipoyaweka majibu hayo juu ya mti wa nasaba wa mijusi kafiri, hesabu yao ilionyesha kwamba ukoo huo mmoja umebadilisha mfumo wa kuamua jinsia kati ya mara 17 na 25. Katika muda huohuo ndege na karibu mamalia wote hawakubadilisha hata mara moja.

Ingekuwa rahisi kusema basi mijusi ni watu wa kuhamahama na kuishia hapo, lakini koo nyingine zimekataa kuhama. Michail Rovatsos na Lukáš Kratochvíl wa Prague wameonyesha kwamba iguana na jamaa zao wengi wa Amerika wana X moja ileile waliyoirithi kwa babu mmoja wa makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba wale mijusi wepesi wa Ulaya na Afrika wa ukoo wa Lacertidae wana Z na W za zamani kiasi hichohicho. Mmoja wa hao jamaa za iguana, Anolis carolinensis, ndiye mjusi wa kwanza ambaye jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa, mwaka 2011. X yake ni ndogo mno, moja ya zile kromosomu ndogondogo ambazo mijusi na ndege wanazo nasi hatuna. Kwa kuwa dume ana X moja tu na jike mbili, dume angeweza kupungukiwa na protini zinazotokana na jeni za X. Mwili wake hulitatua hilo kwa kuifanyisha X yake moja kazi maradufu. Binadamu hufanya kinyume, kwa kuizima X moja ya mwanamke. Mzigo wa namna hii, wa kurekebisha jeni kwa mamia, ni sababu mojawapo inayowafanya wataalamu waamini kwamba kromosomu ya jinsia iliyozeeka haiwezi kuachwa tena.

Hata hivyo, basiliski wa Amerika ya Kati, wale mijusi wanaokimbia juu ya maji, wamo ndani ya ukoo huo wa iguana, na mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba X yao si ile ya ukoo. Wameanzisha jozi mpya kabisa kutoka kromosomu nyingine. Kwa maoni yangu huyu ndiye shahidi mwenye uzito mkubwa katika kesi nzima, kwa kuwa mijusi kafiri walihama wakiwa na mizigo myepesi, na basiliski alihama kutoka nyumba iliyokuwa imezeeka.

Kwa nini wahame? Sababu moja imo ndani ya uchakavu wenyewe: Y ikishajaza makosa kiasi cha kumdhuru mwenyewe dume, jeni mpya ya udume inayotokea kwenye kromosomu safi hupata wateja haraka, na Y ya zamani hutoweka. Sababu ya pili ni kwamba kuhama ni rahisi mapema na ni vigumu baadaye. Wakati wa mpito lazima wazaliwe wanyama wenye Y mbili au W mbili. Ikiwa Y bado ina jeni zake nyingi, mnyama wa Y mbili ataishi. Ikiwa imechakaa, atakufa akiwa ndani ya yai.

Jambo hilo la mwisho limewahi kuonekana waziwazi kwa kenge. Nilipokuwa mtoto Kisumu, wavuvi wa Dunga walikuwa wakiwafukuza kenge waliokuja ufukoni kunusa matumbo ya samaki, na sikujua kwamba wanyama hao wana mpango sawa na wa kuku: dume ana Z mbili, jike ana Z na W. Kenge mkubwa kuliko wote duniani, yule wa Komodo nchini Indonesia, ana mpango huohuo. Mwaka 2006 iliripotiwa kwamba majike wawili wa Komodo, mmoja katika bustani ya wanyama ya Chester na mwingine ya London, walitaga mayai yaliyoanguliwa bila dume yeyote kuhusika. Vipimo vya DNA vilithibitisha kwamba watoto walitoka kwa mama pekee, na watoto wote walikuwa madume. Hesabu yake ni hii: yai la mama hubeba ama Z ama W, na lisipokutana na mbegu hujikamilisha kwa kujizidishia kile lilicho nacho, hivyo linakuwa Z mbili au W mbili. Yenye Z mbili yalianguliwa madume. Yenye W mbili hayakuishi. Jike aliyetupwa peke yake kisiwani anaweza, kwa njia hiyo, kujizalia dume, ila hawezi kujizalia jike. Kwa spishi yenye mpango wetu wa X na Y mambo yangekuwa kinyume, kwani mama mwenye X mbili angepata mabinti watupu.

Sasa niwafikie wale wanaosikiliza kromosomu na joto kwa pamoja. Huko Australia yupo mjusi aitwaye Pogona vitticeps, mwenye miiba laini kidevuni inayofanana na ndevu, ambaye watu wengi wa ng'ambo humfuga nyumbani. Dume ana Z mbili na jike ana Z na W. Mayai yake yakikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 22 na 32 za selisiasi, madume na majike huwa nusu kwa nusu, kama kromosomu zinavyotaka. Joto likipita nyuzi 32, idadi ya majike huongezeka, na likikaribia 36 karibu wote huwa majike, pamoja na wale wenye Z mbili ambao walipaswa kuwa madume. Hilo lilichapishwa mwaka 2007, likiwa jambo la maabara. Mwaka 2015 Clare Holleley na wenzake wakaonyesha kwamba hutokea porini: kati ya mijusi wazima 131 waliokamatwa, 11 waliotoka upande wa joto zaidi wa makazi yao walikuwa majike wenye kromosomu za kiume.

Majike hao hawakuwa tasa. Kwa mwaka walitaga mayai karibu maradufu ya yale ya majike wa kawaida. Tena walipopandishwa na madume wa kawaida, Z mbili kwa Z mbili, hakukuwa na mzazi yeyote wa kutoa W, na kwa hiyo W ilikwisha katika nasaba hiyo kwa kizazi kimoja. Watoto wao walikuwa na kromosomu zilezile wote, na jinsia yao ikaamuliwa na joto peke yake. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza niliirudia papo hapo, kwa kuwa tumezoea kusikia kwamba mageuko huchukua mamilioni ya miaka, na hapa mfumo mzima wa kuamua jinsia umebadilika kati ya mama na mwanawe. Watoto hao wa majike wenye Z mbili walikuwa pia wepesi zaidi kugeuzwa na joto kuliko wengine, jambo ambalo maana yake ni kwamba mlango ukishafunguka, huzidi kufunguka.

Joto huingiaje ndani ya seli na kuiambia cha kufanya? Jibu kamili ni refu, lakini sehemu yake muhimu ilijulikana mwaka 2017. Jeni mbili ziitwazo KDM6B na JARID2, zenye kazi ya kufungua na kufunga jeni nyingine, husomwa kwa namna tofauti kwa Pogona aliyegeuzwa na joto: kipande ambacho kwa kawaida hukatwa na kutupwa huachwa ndani ya ujumbe unaotoka kwenye jeni hiyo. Kipande hichohicho kilionekana kuachwa kwa mamba wa Amerika na kwa kasa, ambao hutegemea joto bila kromosomu. Mwaka uliofuata watafiti wa kasa wakathibitisha kwamba KDM6B ikizimwa kwenye mayai ya joto la madume, viinitete vingi huwa majike. Wanyama waliotengana zamani sana wanatumia vyombo vilevile, na hilo linaeleza kwa nini kurudi kwenye joto si kazi ngumu kwa mjusi: vyombo havikuwahi kutupwa.

Ninaishi Nakuru, kwenye mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ndugu zangu wako Kisumu, kwenye mita zipatazo 1,130. Tukipita Mau kwenda kusalimia, basi hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 kwenye baridi na ukungu kabla ya kuteremka kwenye joto la ziwa. Kwa mtu anayewaza juu ya mijusi, safari hiyo ina maana, kwa kuwa Tasmania yupo mjusi mdogo, Carinascincus ocellatus, ambaye mpango wake hutofautiana kulingana na mwinuko. Huyu hatagi, huzaa watoto hai, na mama huwapa joto kwa kuota jua. Katika nyanda za chini, mwaka wa jua jingi huleta majike wengi zaidi. Juu milimani, spishi hiyohiyo haijali jua. Kromosomu ndizo zinazoamua. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2010 ni kwamba katika nyanda za chini jike anayezaliwa mapema msimu hufaidika, kwa sababu hukomaa na kuzaa upesi, hivyo ni vyema majike wazaliwe miaka ya joto. Milimani faida hiyo haipo, na hali ya hewa hubadilika mno mwaka hadi mwaka. Kulitegemea joto kungeleta kizazi chenye jinsia moja karibu tupu. Misitu yetu ya juu nayo ina vinyonga wanaozaa watoto hai, akiwemo Trioceros hoehnelii mwenye kilemba kirefu kichwani, wakati vinyonga wengi wa nyanda za joto hutaga mayai udongoni. Kati ya vinyonga waliochunguzwa duniani, yule wa Yemen ana X na Y, na baadhi ya wale wa Madagaska wana Z na W. Ningependa sana kuona vinyonga wa Mau na wa tambarare za Kano wakiwekwa kwenye jedwali hilo.

Ningependa zaidi kuona hivyo kwa mijusi wa mawe, jamaa za wale wa Charnier. Wapo kwenye miamba ya Hell's Gate, wapo kwenye mawe ya Kit Mikayi, na upande wa magharibi ipo spishi ambayo iliandikwa rasmi mwaka 2005 tu, Agama finchi, na kundi la wanasayansi akiwemo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kazi ya kuwachunguza huanzia kwenye ncha ya mkia, kipande kidogo kinachotosha kutoa DNA, na kwenye kipimajoto kinachofukiwa karibu na mayai na kuachwa hapo hadi yaanguliwe. Sharti gumu ni kuwa na hakika ya jinsia ya kila mjusi kabla ya kulinganisha, na hapa rangi hudanganya. Dume mwenye kichwa chekundu juu ya jiwe ni yule anayetawala; madume wadogo na wale walioshindwa hubaki na rangi ya kahawia, nao hufanana na majike kwa mbali. Lazima mjusi ashikwe kwa upole na kugeuzwa, atazamwe mbele kidogo ya tundu la haja, mahali ambapo dume huwa na safu ya magamba yenye vitundu vidogo vya kutoa nta. Jina lake liandikwe pamoja na jiwe alikokamatwa, mwinuko na tarehe, kisha arudishwe kwenye jiwe lilelile, kwa kuwa dume aliyeondolewa mahali pake hata kwa siku moja anaweza kumkuta mwingine ameshapatwaa.